Kwa Nini Hodi Hubishwa Mara Tatu

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu, muuone mlango. Ni mlango wa mbao nzito, umefungwa kwa komeo, na nje mvua inanyesha. Mbele yake amesimama mwanamke aliyelowa chapachapa. Ndani kuna moto, na kando ya moto ameketi mtu mwema anayemsikia vizuri kabisa. Mtu huyo mwema hafungui. Anangoja. Na yule aliye nje amebeba habari ya kuokoa roho za watu, lakini hawezi kuisema.

Ushikeni mlango huo akilini. Tutaufikia.

Zamani hizo neno hodi halikusimama peke yake kama linavyosimama leo. Katika kilima cha Lukindo, mtu alipofika kwa mwenzake alisimama nje ya mlango uliofungwa na kutoa Salamu ya Mlangoni. Alianza kwa kusema, "Hodi, wenyeji." Kisha alijitaja jina, akamtaja baba yake, akamtaja babu yake, akaendelea kupanda hivyo mpaka wakatimia mababu saba. Baada ya mababu alitaja njia aliyopita, mzigo aliobeba, na haja iliyomleta. Wa ndani alisikiliza kimya. Mgeni alipomaliza, mwenyeji naye alitaja saba wake, na hapo ndipo komeo lilipotoka. Watu walitaniana kwamba ukienda kuomba kaa la moto kwa jirani, utaukuta moto wake nao umeshazimika.

Msiwacheke lakini. Watu wa Lukindo walikuwa wamekimbilia kilima kile kutoka pande nyingi, kila ukoo na majeraha yake. Mwaka mmoja wa vita, maadui walifika wakijifanya ndugu waliopotea. Walifunguliwa milango, wakapewa chakula, na kulipokucha nyumba tatu zilikuwa majivu. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba mlango haufunguki mpaka majina yatimie. Neno lililosemwa kabla ya majina liliitwa neno lisilo na mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kulifuata. Aliyekosea jina hata moja alirudi mwanzo, kwa sababu, walisema, kumruka babu yako ni kumzika mara ya pili.

Tena hawakuwa na vitabu. Kitabu chao kilikuwa kinywa cha mtu aliyesimama mlangoni. Mtoto aliyemsikia jirani akitaja saba wake kila siku alikua akiwajua wafu wa nyumba zote, na hakuna mfu aliyesahauliwa Lukindo.

Aliyekuwa akiyalinda majina hayo alikuwa mzee mmoja, Mrindoko. Aliyajua ya nyumba zote kumi na moja za bondeni, na hakuna aliyemsikia akijikwaa hata mara moja. Alikuwa mtu mpole, mwenye subira ya mwalimu. Mkewe, Nashinde, nyonga zilimuuma miaka mingi, hata akawa hawezi kutembea bila kushikiliwa. Mrindoko ndiye aliyemchotea maji na kumsogeza karibu na moto, wala hakuona haya wanaume wenzake walipomtazama.

Sasa, katika kilima hicho alikuwako pia mwanamke aitwaye Nankondo. Nankondo alikuwa na kigugumizi.

Mnajua kigugumizi kinavyofanya. Neno lipo, mwenyewe analiona, lakini linakwama kooni kama mbuzi anayevutwa kuingia mtoni. Mahali pengine pote Nankondo aliweza kuvumilia. Mlangoni hakuweza. Akiwa msichana alitumwa kwa jirani kuomba chumvi, akafika babu wa nne, ulimi ukagoma, akarudi mwanzo. Akafika wa nne tena. Watoto wenzake walikaa juu ya ukuta wa zizi wakimtazama.

"Nankondo! Umefika babu wa ngapi?" walimwuliza. "Tukale, turudi?"

Neno moja tu lilimtoka bila taabu, nalo ni lile la kwanza, hodi, kwa kuwa halikuwa jina la mtu na hakuna aliyelipima.

Mrindoko aliwafukuza wale watoto kwa fimbo. Jioni baada ya jioni alimketisha Nankondo karibu na moto wake, na Nashinde akimpa viazi vya kuchoma, akamfundisha majina saba polepole. Na ajabu ni kwamba alipoketi ndani, majina yalimtoka. Yalikuja kwa kuchechemea, lakini yalikuja. Akitolewa nje ya mlango na kuambiwa ajaribu, alifunga kinywa na kulia.

"Usijali, mwanangu," Mrindoko alimwambia. "Siku moja utayamaliza ukiwa mlangoni. Nami nitakuwa ndani nakungoja."

Nankondo alipokuwa mtu mzima aliomba kazi ambayo wengine hawakuitaka. Juu ya nyumba za bondeni, chini ya msitu, palikuwa na bwawa la kijiji, ambalo watu wa milimani huliita ndiva. Lilijengwa kwa ukuta wa udongo ulioshindiliwa kwa miguu. Kila jioni mtu alilizibia tundu lake kwa magogo ya migomba na tope ili lijae, na kila alfajiri alilizibua ili maji yashuke mferejini kwa zamu, shamba baada ya shamba. Kazi hiyo ilitaka mtu wa kukaa peke yake kule juu. Nankondo alikaa. Ndiva halikumwuliza majina.

Miaka tisa alililinda. Alijua mahali fuko alipochimba na mahali mizizi ilipopenya. Alijifunza kwamba ukuta ukitoa jasho la maji safi, usiogope, unapumua tu. Ukitoa maji ya tope, ujue unaliwa kutoka ndani.

Ikaja masika moja isiyokatika. Ilinyesha siku kumi na mbili. Alasiri ya siku ya kumi na mbili Nankondo alishuka kuutazama ukuta upande wa chini, akaona maji yanatoka kwenye tundu linaloweza kuingia ngumi. Yalikuwa mekundu kwa tope.

Alipanda akachomoa kizibo cha magogo ya migomba, kilichoachwa hapo tangu mashamba yaliposhiba mvua, ili ndiva lijipunguze. Maji yakatoka kwa kishindo mferejini, lakini yalikuwa kama kuchota mto kwa kata. Aliingia topeni hadi mapajani akijaribu kuliziba lile tundu kwa majani na mawe. Udongo wa ndani ya ukuta, ule wa kijivu, ulimporomokea miguuni. Hapo akajua kwamba haitachukua muda mrefu. Chini yake, kando ya kijito, moshi wa nyumba kumi na moja ulikuwa ukipenya kwenye mvua. Akakimbia.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mrindoko.

Tumeufikia mlango wetu, wanangu. Yule mwanamke ni Nankondo. Wale walio ndani ni watu wawili waliompenda kuliko wote.

"Hodi, wenyeji," alisema. "Mimi ni Nankondo, wa Ke... wa Ke..."

Ndani, Mrindoko aliinua uso na kutabasamu. Alikuwa hajamsikia mlangoni pake kwa miaka tisa.

"Ndiye," alimnong'oneza mkewe. "Amekuja mwenyewe." Kisha akapaza sauti, "Anza upya, mwanangu. Polepole. Mimi sina haraka."

Nankondo alianza upya. Alijua kwamba habari isiyo na majina itakuwa neno lisilo na mwenyewe, na kwamba hata Mrindoko, hasa Mrindoko, hawezi kulifuata. Alimtaja baba yake. Alimtaja babu yake. Alifika wa tatu, na nyuma yake mlimani akasikia jiwe linabiringika. Ulimi ukakauka.

"Mrindoko," alisema Nashinde. "Mfungulie. Huyu mtoto ana jambo."

"Akimaliza atalisema."

"Sikiliza anavyohema."

"Nasikia, mke wangu. Nikimfungulia sasa hatamaliza kamwe maisha yake yote. Mwache." Na kwa sauti ile ile ya upole akasema, "Anza upya, mwanangu. Umekaribia."

Nankondo alifungua kinywa mara ya tatu. Jina halikuja. Neno maji halikuja. Kinywa chote kilikuwa kimejifunga kama kizibo cha ndiva, na kilichopita pembeni ni lile neno moja ambalo halikuwa jina la mtu.

"Hodi," alisema. "Hodi. Hodi!"

Alingoja kidogo, kadiri mtu anavyoweza kuvuta pumzi moja. Kisha akakumbuka nyumba kumi zilizobaki, akaondoka mbio.

"Amekata tamaa tena," alisema Mrindoko kwa huzuni. "Atarudi."

Nyumba ya pili ilikuwa ya mfinyanzi mmoja mjane, Bibi Ntuka, mwenye ulimi mkali na magoti mabovu. Nankondo hakujaribu jina lolote. Aliupiga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Bibi Ntuka alikuwa amengoja jina lifuate, halikufuata, na sauti ile haikumpendeza.

"Karibu!" alifoka, akivuta komeo. "Karibu, karibu, ingia! Hao mababu watatukuta ndani, wamekufa tayari, hawawezi kupata homa!"

Mlango ukafunguka. Bibi Ntuka alimtazama Nankondo usoni, kisha akamtazama miguuni, akaacha kufanya mzaha. Alikuwa ameshika udongo kila siku kwa miaka arobaini. Alijua udongo wa njiani, alijua wa mtoni, na alijua ule wa kijivu ambao wazee waliuchimba mbali na kuuficha katikati ya ukuta wa ndiva ili usivuje. Mapaja ya Nankondo yalikuwa ya kijivu.

"Mama yangu," alisema. "Ukuta."

Nankondo aliitikia kwa kichwa.

Wakaenda wote wawili. Nankondo alitangulia kwa sababu alikuwa na miguu, akafika kwenye kila mlango na kusema hodi mara tatu. Wakifungua, aliwaonyesha mlima kwa kidole. Wasipofungua alikwenda mlango uliofuata, kwani hakuwa na pumzi ya nne ya kumpa mtu yeyote. Nyuma yake alikuja Bibi Ntuka akichechemea, na mti wa kusagia udongo mkononi, akiigonga milango ambayo bado ilikuwa imefungwa.

"Tokeni! Ndiva linakuja!"

"Nani wewe?" mwanamume mmoja aliuliza kutoka ndani. "Wa nani, wa nani?"

"Wa kukuvunjia mlango! Toka, mjinga wee, na watoto wako!"

Walitoka. Wengine walibeba watoto, wengine mbuzi, na mmoja, kwa kuchanganyikiwa, alibeba kinu kitupu. Walipanda ng'ambo ya kijito, na wa mwisho alikuwa bado anavutwa mkono ukuta ulipoachia.

Mrindoko, akiwa nyumbani kwake, alikuwa amengoja Nankondo arudi. Alipoona harudi, aliinuka, akafungua mlango, akatoka mvuani ili aone ameelekea wapi. Alikuwa hatua chache tu njiani aliposikia ngurumo kutoka juu. Aligeuka kumrudia mkewe. Maji yalikuwa yameshafika kati yao. Yalimbeba na kumtupa kwenye mizizi ya mkuyu, akashikilia. Nashinde hakuwa na nyonga za kukimbilia.

Siku ya tatu walimpata Nashinde chini, mahali mfereji unapogawanyika, wakamzika. Nyumba tisa hazikuwapo tena. Watu wa nyumba kumi walikuwa hai.

Hakuna aliyemlaumu Mrindoko. Labda ingalikuwa nafuu wangemlaumu. Alihifadhiwa kwa mdogo wake juu ya kilima, na watu walikuja kumpa pole kama desturi ilivyotaka. Walisimama nje ya mlango uliofungwa, wakataja mababu saba, njia, mzigo na haja. Walikuja wengi, na wote walitaja bila kukosea, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha. Naye alikaa ndani, kwenye giza, akisikiliza urefu wa kila salamu, na katika kila moja alipima jinsi ambavyo ndani ya muda huo mwanamke mgonjwa angaliweza kubebwa mgongoni hadi mahali pa salama. Baadaye akaziba masikio.

Siku arobaini zilipopita, asubuhi moja alichukua fimbo yake akapanda hadi kibanda cha Nankondo. Nankondo alikuwa ndani anapumzika, mikono imechubuka kwa kubeba mawe ya ukuta mpya. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Mrindoko alisimama nje, akavuta pumzi, akaanza kama alivyoanza maisha yake yote.

"Hodi, wenyeji. Mimi ni..."

Jina lake halikuja. Yeye aliyeyajua majina ya nyumba kumi na moja hakuweza kutoa lake. Alijaribu tena, na kilichotoka ni lile neno la kwanza tu.

"Hodi," alisema. Akaegemea fimbo yake. "Hodi."

Majani ya msitu yalikuwa yanadondosha matone.

"Hodi," alisema mara ya tatu, kwa sauti ambayo ni yeye pekee aliyeisikia, au hivyo alidhani. Kisha akageuka aondoke, kwa kuwa alijua kwamba mtu kama yeye hastahili kufunguliwa.

"Karibu," alisema Nankondo kutoka ndani.

Lilitoka zima, bila kukwama popote.

Mzee aliingia. Nankondo alimpa kigoda, akampa maji ya kunywa kwa mikono miwili, akakaa mbele yake. Mrindoko alikunywa, kisha akasema, "Mwanangu, nitajie saba wako. Hapa hapa, umekaa. Nataka kuwasikia."

Nankondo aliwataja. Alichukua muda mrefu, na kwa babu wa nne ulimi ulikwama, lakini hapakuwa na mlango wa kufungwa wala mtu wa kusema anza upya. Alingoja, likatoka, akaendelea. Alipomaliza wa saba hakunyamaza. Aliongeza jina la nane, ambalo halikuwa la ukoo wake.

"Nashinde," alisema. "Aliyenipa viazi."

Mrindoko alifunika uso kwa vazi lake akalia, na Nankondo hakumkataza.

Mrindoko aliposhuka siku hiyo aliwaita watu wote wa Lukindo mahali nyumba yake ilipokuwa. Alizungumza kwa kifupi, kinyume cha tabia yake. "Wafu wetu ni watu wazuri," aliwaambia. "Wanaweza kungoja. Walio hai ndio hawawezi. Kuanzia leo majina tutayasemea ndani. Mlangoni inatosha alivyosema Nankondo, na inatosha alivyojibu Ntuka."

"Nilisema mengine pia," alinung'unika Bibi Ntuka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi watu walicheka kidogo.

Ikawa hivyo. Toka siku ile, mtu akifika kwenye mlango wa mwenzake husema hodi, na halisemi mara moja, hulirudia, hodi, hodi, hodi, hata awe msemaji hodari wa namna gani. Sisi sote mlangoni tunazungumza kwa ulimi wa Nankondo. Na asipojibiwa mara ya tatu hugeuka akaenda zake bila kinyongo, kwa sababu Nankondo naye aliondoka baada ya mara ya tatu, akiwa na milango mingine ya kufikia. Aliye ndani hujibu karibu hata kabla ya kujua ni nani. Na zile salamu ndefu hazikufa. Mgeni akishaketi na kunywa maji ndipo anapoulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya wazee, ya mashamba na ya njiani, moja baada ya moja, na hakuna anayeharakishwa. Ni ile Salamu ya Mlangoni, imehamia ndani, karibu na moto.

Neno lenyewe ni fupi, lakini ni mzigo mkubwa uliofungwa kwa kamba ndogo. Anayebisha hodi kwenye mpaka wa shamba anasema, nipo hapa, mimi ni mtu, usishtuke. Mtoto aliyetumwa kwa jirani anasema, naomba ruhusa. Aliyerudi kutoka safari ya miaka anasema, bado mnanikumbuka? Hata njaa na maradhi husemwa kwamba vimebisha hodi, maana navyo hutangaza kidogo kabla ya kuingia, na mwenye busara hujiandaa. Yote hayo yamo ndani ya neno moja, kama mababu saba walivyokuwamo, na huwezi kujua ni lipi mpaka uufungue mlango na kumtazama mtu miguuni.

Kwa hiyo, wanangu, mengine yote ya leo mkiyasahau, si kitu. Nawaomba mnikumbukie hili moja tu. Mkiwa ndani kwenye joto, mkamsikia mtu nje anahangaika na maneno yake, msimngoje amalize. Mwambieni karibu.